Aliyekohoa Nyumba Namba Nne

Des wa nyumba namba tatu alikuwa mzee wa kizungu asiyejua kunong'ona. Asubuhi moja alisimama kwenye uzio na kikombe chake cha chai, akamrushia jirani yake, mama ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi, maneno kama ilivyokuwa desturi yake.

"Shangazi Noreen, tafuta dawa bwana! Kikohozi chako kinapita ukutani. Kutwa nzima, mpaka mbwa wangu anabweka."

"Kakohoe mwenyewe na sigara zako," Noreen akamjibu. "Mimi sijakohoa tangu nitoke hospitali."

Des akacheka, akaenda zake. Noreen hakucheka. Aliingia ndani akafunga mlango, kisha akaufungua tena na kuuacha wazi, maana hata yeye alikuwa akikisikia kikohozi hicho. Kilitoka chumba cha kulala, kikavu, halafu mtu kama anasafisha koo ili aombe kitu. Akienda kuchungulia, anakuta kitanda kimetandikwa na pazia limetulia tuli.

Mwanzoni alijitia hamnazo. Angefanyaje? Miaka na miaka alilala na ndugu zake, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, kwenye mchanga wa mto mkavu wa mji wa Alice Springs, akiswagwa na polisi kama mbuzi walioingia shambani. Sasa ofisi ya makazi ilikuwa imempa nyumba ya mpito, yenye jiko, bafu na mlango wa kufunga. Akikaa humo vizuri mpaka Krismasi, angepata nyumba ya kudumu, na akipata nyumba ya kudumu, mjukuu wake Talia, aliyekuwa akilelewa na watu baki huko Darwin, angerudishwa kwake. Kwa ajili hiyo alisugua sakafu isiyo na uchafu, akawafukuza hata ndugu zake wa mtoni waliokuja kuomba pa kulala. Walimsema vibaya mji mzima. Alitia pamba masikioni.

Kikohozi ndicho kilichomshinda. Alitoa godoro, akawa analala uani. Kerryn, binti wa ofisini aliyewaangalia wapangaji, alipoliona godoro lile uso ulimbadilika.

"Shangazi, ukilala nje mkubwa wangu atasema hujawa tayari kukaa ndani ya nyumba."

"Ndani kuna joto."

"Si kuna feni?"

"Feni ina kelele."

"Shangazi, Talia anakuja likizo hii. Watu wa ustawi wa jamii watataka kuona mtoto analala kitandani kama watoto wengine. Usiniangushe, tafadhali."

Noreen akalirudisha godoro ndani. Akapiga moyo konde, akaosha madirisha, akapika mkia wa kangaruu mpaka nyama ikaanza kuachana na mfupa. Talia alifika na mapengo yake na maswali yake, akala, akajipaka mafuta ya nyama mpaka kwenye nyusi, na jua lilipokuwa kali akaenda kujilaza chumbani. Noreen alibaki jikoni akichemsha chai. Kwa mara ya kwanza tangu apewe nyumba ile alijisikia kama mwenye nyumba.

Haikupita muda Talia akatoka, anafikicha macho.

"Bibi, yule bibi mwingine anataka maji."

"Bibi gani?"

"Huyo aliyekaa kitandani. Anakohoa sana. Halafu kidole chake hakipo, hiki hapa." Akainua kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto.

Kikombe kilimponyoka Noreen, kikapasukia sakafuni. Kidole hicho alikijua, kilikuwa cha dada yake. Mlango wa lori ulikikata wangali watoto, na aliyeubamiza mlango huo alikuwa yeye Noreen. Dada huyo hakumsema kwa mama yao, siku hiyo wala baadaye. Noreen alipopelekwa hospitali Adelaide, alimwacha dada huyo mtoni. Aliporudi hakumkuta, na kila mtu alisema amemfuata mume wake wa zamani Queensland. Noreen alimwekea kinyongo. Aliona amemtoroka bila hata kumuaga.

Alimtoa mtoto nje, uani, akampigia Kerryn simu.

Kerryn alipofika, Noreen alikuwa chini mavumbini, ameupa mlango mgongo.

"Nani alikaa humu kabla yangu?"

"Shangazi, unajua siruhusiwi. Habari za mpangaji ni siri yake."

"Sitaki uniambie jina. Hata ukilijua usilitamke, kwetu jina la marehemu halitamkwi. Nijibu kwa kichwa tu. Alikuwa mwanamke?"

Kerryn akaitikia kwa kichwa.

"Alikuwa hana kidole hiki?"

Binti wa watu alianza kulia kabla hajaitikia. Mwishowe akasema, "Mimi ndiye niliyemkuta amekufa humo chumbani. Alikuwa na homa ya mapafu, hakutaka daktari. Alijiandikisha kwa jina la ukoo la mume wake, tukatafuta ndugu zake Queensland, hatukupata mtu. Tukapaka nyumba rangi, tukakupa wewe. Sikujua, Shangazi. Naapa sikujua."

Noreen alijua vizuri kilichokuwa mbele yake. Angeweza kunyamaza. Angeziba masikio mpaka Krismasi, mtoto awe wake, na yule wa chumbani aendelee kuomba maji. Alifikiri hivyo kweli, na akajichukia kwa kufikiri hivyo. Kisha akafungua kinywa akalia kilio cha msiba, kile cha mama zake, kilichofika hadi mtoni.

Wanawake wa mtoni wakaja, walewale aliowafukuza, wamebeba majani mabichi ya porini. Hakuna aliyemsuta. Walimkalisha uani, maana mfiwa wa karibu hiyo kazi si yake, wakawasha majani ndani ya kopo la bati na kuingia nayo chumba kwa chumba, wanapiga kuta kwa matawi, wanamwambia marehemu aende kwao, njia ni nyeupe. King'ora cha moshi kikalia kama kinachinjwa. Moto ndani ulikuwa marufuku, na kuna mpangaji alishafukuzwa kwa kosa hilohilo. Kerryn alisogea pembeni na simu yake, akabembeleza, akagomba, akabembeleza tena.

Alirudi anatabasamu huku kamasi zinamtoka.

"Mkubwa amekubali! Hakuna onyo, hakuna chochote. Moshi ukiisha rudi ndani, Shangazi."

"Siwezi, mwanangu."

"Nimekwambia umesamehewa."

"Mmenisamehe nyinyi. Hapo ndipo alipokata roho mtu wa tumbo moja na mimi. Moshi umemfungulia yeye njia, na umemsafishia nyumba mgeni atakayekuja. Mimi ndugu yake, kwa mila yetu, siwezi kulala humo."

"Lakini nyumba nyingine sina! Zote zimejaa. Ukitoka, wataandika kwamba umeikataa. Na Talia..."

"Najua. Nilijua tangu ulipoitikia kwa kichwa."

Talia alikuwa amesimama mlangoni, ananusa moshi. Akaja akamvuta bibi yake mkono.

"Bibi, nyumba si imeshasafishwa?"

"Imesafishwa, mjukuu wangu."

"Basi twende ndani."

"Ataingia mtu mwingine."

"Na mimi nitalala wapi?"

Noreen akachuchumaa, akamfunga mtoto kamba za viatu vyake. Kerryn akaenda kuwasha gari la kumrudisha Talia kwa watu wa ustawi.