Bi Harusi wa Kitambaa

Katika kazi hii ya saluni nimevumilia wateja wa kila aina, lakini Bi Amira alikuwa na lake. Kila mwisho wa mwezi alipanda ngazi zangu hapa Mtaa wa Swahili, akakaa kiti cha dirishani, akavua mtandio na kuniambia, "Joyceline mwanangu, leo nataka nyekundu yenyewe." Nami nampaka. Nimempaka rangi za boksi za kila nchi. Nimechanganya hina na chai ya rangi, hina na ndimu, hina na maji ya maua ya choya. Hina tupu sikuwahi kumpaka, maana hiyo hata mtoto anaweza, na mimi nina cheti ukutani. Nikimaliza anajitazama kwenye kioo, anageuza kichwa huku na huku, halafu anasema, "Nzuri. Lakini siyo hii."

Mimi si mtu wa subira. Nimekulia humu humu Kariakoo, mtoto wa muuza viatu kutoka Rombo, na najua mteja asiyeridhika husema anachotaka. Siku moja, jasho linanitiririka mgongoni, nikamwambia, "Bi Amira, shikamoo tena, lakini leo utanionyesha hiyo rangi iko wapi. Kwenye simu, kwenye gazeti, kwa jirani, popote."

Akacheka. "Marahaba. Iko kichwani kwa mwanasesere."

Ndipo aliponisimulia. Alipokuwa mtoto walipanga nyumba moja na akina Klara, Mtaa wa Sikukuu. Akina Amira chumba cha nyuma, akina Klara chumba cha mbele, ua mmoja. Mama yake alimshonea mwanasesere wa kitambaa, tumbo limejazwa sufi, nywele za nyuzi nyeupe za pamba. Siku ya kuamkia Idi, mama alipokuwa anajipaka hina kichwani, akazichovya na nywele za mwanasesere kwenye bakuli lile lile. Wakatoka rangi moja, yeye na mwanasesere. Wakamwita Zuhura.

Klara, ambaye baba yake alikuwa seremala kutoka Masasi, alikuwa na wake wa kiume, wa kitambaa cha kaki, akiitwa Athanas. Watoto wa siku zile waliwaoza wanasesere wao, na waliwaoza kwelikweli. Kulikuwa na posa, kulikuwa na mahari ya vifuniko vya soda na kipande cha mkate wa kumimina, na pilau lilipikwa uwani kwenye kopo la maziwa. Kaka yake Klara alijifanya padri, halafu akabadilisha kofia akawa kadhi, ili upande wowote usinung'unike. Baada ya hapo, kama ilivyo desturi, bi harusi akahamia kwa mumewe, yaani chumba cha mbele. Amira alikuwa akimwona kila siku, mpaka baba yake Klara alipopata kazi kwao kusini. Familia ikafunga mizigo, na Zuhura akaondoka na wakwe zake. Mwaka uliofuata, mama yake Amira akaugua homa na kufariki.

"Picha ya mama sina, hakuwahi kupigwa," Bi Amira aliniambia. "Sura yake inanipotea, Joyceline. Nimebaki na ile rangi tu, na yenyewe naona inataka kuniponyoka."

Hasira zangu ziliisha pale pale. Nilimhurumia mpaka nikashindwa kumtazama kwenye kioo.

Kiti cha pili alikuwa amekaa Celina, mteja wangu wa Kigamboni, nusu ya kichwa imeshasukwa. Akageuka ghafla hadi msusi wangu akamfokea. "Jamani, mama mkwe wangu anaitwa Klara," akasema. "Katoka Masasi juzijuzi, anakaa kwetu. Sandukuni kwake ana midoli miwili ya zamani ya kitambaa. Wanangu hawaruhusiwi hata kuigusa."

Jumamosi iliyofuata, siku tuliyopanga Celina amlete mama mkwe wake na midoli yake, Bi Amira alifika kabla yangu mimi mwenye ufunguo. Mkononi alikuwa na mfuko wa vifuniko vya soda, alivyovikusanya kwa wauza vinywaji wote wa mtaani, na mkate mzima wa kumimina.

"Mke akitaka kutoka kwenye ndoa, anarudisha mahari," alinieleza. "Basi leo narudisha, nachukua mwanangu."

Mimi nikakoroga hina kwa maji matupu, nikaiacha kwenye bakuli. Nilitaka kwanza niione rangi kwa macho, ndipo niongeze vya kuongeza.

Klara akaingia na Celina, akilalamikia msongamano wa pantoni. Mama mfupi, gauni la kitenge, nywele fupi nyeupe pe. Alisimama mlangoni akamtazama mwenzake.

"Amira, kichwa chekundu hivyo, unatafuta mchumba?"

"Na wewe chako kimekosa nini, hata mafuta?"

Wakakumbatiana, wakalia kidogo. Mimi nikajifanya napanga mataulo.

Klara alifungua kanga, akawatoa wanasesere wake. Kaki ya Athanas ilikuwa imepauka, lakini alisimama wima. Zuhura alikuwa amefunikwa ushungi. Bi Amira alijaribu kuufungua, fundo likamshinda, nikalifungua mimi. Nikainama kutazama kabla ya wote, kama fundi wa rangi.

Hapakuwa na nyekundu, hata kwenye mashina. Miaka ilikuwa imeila yote, nywele zimebaki nyeupe na kijivu. Nikaogopa. Bi Amira alizipitishia kidole taratibu, kisha akamweka Zuhura shavuni.

"Ana mvi," akasema. "Mama alikufa kijana, Joyceline. Sikuwahi kumwona na mvi. Kumbe zingempendeza."

Mimi silii ovyo, lakini siku hiyo nililia.

Alipotulia, akausukuma mfuko wa vifuniko mpaka kwa Klara. "Chukua mahari yako, shoga yangu. Mwanangu narudi naye."

Klara alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Sipokei," akasema. "Mwanangu hajamwacha mkewe. Hawajagombana hata siku moja. Nilipofiwa na mume wangu, hawa ndio niliokuwa nawatoa sandukuni, nakaa nao. Leo niwatenganishe uzeeni?"

Bi Amira hakubembeleza. Alisema "Haya," akabaki amempakata Zuhura, akimtazama tu. Mimi nilitamani nimnyakue yule mwanasesere nikimbie naye ngazini, na anikamate atakayeweza. Lakini kila mmoja alikuwa na haki yake, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nikachukua bakuli la hina, nikauliza, "Bi Amira, nikupake?"

"Acha zangu ziote zenyewe, nifanane naye. Imwage tu."

Klara akageuza kichwa. "Umwage yote hiyo?"

"Hina ikishakorogwa hailali, mama," nikamjibu.

"Mimi sijawahi kupaka kitu kichwani," Klara akasema. "Marehemu alikuwa katekista, hakutaka kusikia habari hizo." Akajiangalia kwenye kioo, akajishika kichwa. "Nikipaka nitafananaje?"

"Kama msichana aliyetoroka Masasi," akajibu Bi Amira, bila kuinua macho.

Klara akakaa kwenye kiti. Nikampaka, nikamfunga nailoni kichwani, nikamwambia hina haina haraka. Kwa kichwa kile asingeweza kwenda kupanda pantoni Magogoni hata angetaka. Basi akawa hana la kufanya ila kukaa, na mkate wa mahari ukakatwa, tukaula kwa chai. Klara akaanza kuzungumza. Alimkumbuka mama yake Amira vizuri kuliko Amira mwenyewe, maana alikuwa mkubwa kidogo. Alikumbuka alivyowagawia watoto ukoko, alivyocheka huku ameziba mdomo, alivyowafukuza kuku wa jirani kwa kuwatukana kwa majina. Akamwigiza hata mwendo, na nailoni yake kichwani, mpaka Celina akapaliwa na chai. Bi Amira alisikiliza hata kikombe akakisahau.

Nilipomwosha Klara na kumkausha, nilirudi nyuma kidogo nimtazame. Zile nywele nyeupe zilikuwa zimewaka. Hina tupu na maji, bila cheti changu.

Bi Amira aliinuka, akakizunguka kiti, akamshika kichwa kwa mikono miwili.

"Ndiyo hii," akasema. "Klara, ndiyo hii. Mama alikuwa hivi."

Klara akajitazama tena kwenye kioo, akamtazama na Zuhura. Kisha akamchukua Athanas peke yake, akamfunga kwenye kanga, akainuka.

"Mama, na Zuhura je?" Celina akauliza.

"Zuhura ana mimba," Klara akasema.

Msusi wangu akaangusha kitana.

"Ndiyo mimba ya kwanza," akaendelea, akijitundika mkoba begani. "Na mimba ya kwanza, kwetu na kwenu, mwanamke anajifungulia kwa mama yake. Nimemleta kwao mwenyewe, msije mkasema hatumtunzi. Akijifungua, mumewe atamfuata."

Bi Amira aliweka kiganja juu ya lile tumbo la sufi. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini sauti yake ilikuwa kavu kama ya mama mkwe yeyote.

"Ina miezi mingapi?"

"Changa sana. Usiihesabie miezi."

"Na huyo mume ndiyo anamtupa hapa?"

"Hamtupi. Atakuja kumwona kila Jumamosi. Nitamleta mimi."

"Mwambie asije mikono mitupu," akasema Bi Amira.