Mabeseni Matatu ya Truphena

Harufu ya mafuta ya taa ilimpokea Truphena kabla hajafika mlangoni. Aliinamia mabeseni yake matatu yaliyopangwa barazani, akaona utando wa rangi rangi juu ya maji. Chini, wadudu wake walikuwa wamelala, vichwa nje ya vinyumba vyao, hakuna hata mmoja aliyetikisika.

"Nani amemwaga mafuta humu?"

Mideva, jirani wa mlango wa pili, alikuwa akianua nguo. Hakujificha. "Ni mimi, dada Truphena. Elsie wangu ana malaria, wiki ya pili hii. Siwezi kukaa na mbu unaowafuga kama kuku."

"Mbu!" Sauti ya Truphena ilipasuka, ikasikika hadi kwenye mfereji, bomba la maji la ua mzima.

Alikuwa mtunza maabara katika shule moja ya wasichana. Tangu Februari ile ya 1994 alikuwa akienda Limuru siku za Jumamosi, kwenye kijito cha maji baridi, kuokota funza wa majini ambao wakikomaa huruka kama nondo wadogo. Funza hao hutoa uzi mwembamba kinywani, wakaunganisha mchanga au vipande vya majani kuwa mrija, wakaishi humo na kuuburuta kila waendako. Truphena aliwatoa wengine mrijani kwa unyasi, akiwasukuma polepole kutoka nyuma, aone watajenga upya vipi. Wa mchanga walichagua punje moja moja, wakaigeuza kwa miguu, nyingine wakaitupa. Wa majani aliwapa mabichi na yaliyooza. Mabichi waliyakata ya kujengea. Yaliyooza ndiyo waliyokula, wakabakiza mishipa mitupu. Maji ya mfereji aliyaacha wazi siku nzima dawa ya kuyasafishia itoke, ndipo awabadilishie. Yote aliyaandika. Mwezi wa Agosti angeyasoma kwenye mkutano wa walimu wa sayansi, yeye asiye na shahada.

"Nilikuita hapa, Mama Elsie. Ukamwona mmoja wao kwa macho yako akijenga. Mbu anajenga nyumba?"

"Mimi nitajuaje? Halafu sikujiamulia. Nilimwuliza mzee wako kwanza. Hata hayo mafuta alinipa yeye."

Truphena aliingia ndani na viatu vyake. Caleb, mumewe, karani wa reli, alikuwa amejifunika gazeti.

"Ni kweli?"

"Watu wanaongea, Truphena. Kanisani wananiuliza kama mke wangu anafuga madudu ya uchawi. Nikaona yaishe kimya kimya."

"Ulijua si mbu?"

Gazeti lilishuka. "Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Ungekataa."

Neno hilo ndilo lililomchoma. Miezi minne ya kazi, na huyu alikuwa amepima kukataa kwake, akaona dawa ni kusubiri aende kazini. Alimshika mkono wa shati, akamtoa hadi uani.

"Mwambie Mideva ulichoniambia."

Caleb alikiri kwa sauti ndogo kwamba alijua si mbu, akitazama chini. Mideva aliangusha nguo kwenye karai. "Kumbe! Mtoto wangu anaungua homa, wewe unanituma niue wadudu wasio na kosa? Mbu wenyewe wako wapi basi?"

"Njoo," Truphena alisema.

Nyuma ya vyoo mtaro ulikuwa umeziba tangu mvua za Aprili. Maji yake meusi yalijaa viluwiluwi vya mbu vilivyojipinda na kupanda juu kupumua. Mideva alitazama. Kisha akaenda kuleta jembe, na wanawake hao wawili wakazibua mtaro hadi jua likaanza kuchwea. Truphena hakuwa amemsamehe Mideva. Alichimba kwa nguvu kuliko kazi ilivyohitaji.

Elsie alipona baada ya kubadilishiwa dawa. Truphena alirudi Limuru, akaleta wadudu wengine, na mabeseni akayaweka mezani pa Caleb, alipokuwa akiweka redio yake. Caleb aliihamishia redio chini.

Lakini miezi iliyopotea haikurudi. Agosti alisoma alichokuwa nacho. Mwalimu mmoja mzee akauliza kwa nini kumbukumbu za kundi la kwanza zinakatika ghafla mwezi wa Juni.

"Waliuawa," Truphena alijibu. "Na watu wawili, mmoja akijua anachofanya."

Akafungua ukurasa uliofuata, akaendelea kusoma kuhusu majani yaliyooza.