Mbuzi wa Mamosa Walionyolewa

Nilimwambia asubiri. Mbingu ni shahidi, nilimwambia. Lakini Mamosa, mjane wa mdogo wangu, husikia anachotaka. Jumanne akawapeleka mbuzi wake ishirini na watatu, wale wa manyoya marefu, kwenye banda la kunyolea, ati zamu yake imefika, na ukiipitisha unasubiri mwisho wa orodha, bei imeshaanguka.

"Oktoba ya huku milimani haina adabu," nikamwambia. "Baridi ikirudi je?"

"Nitaogopa siku hiyo, Ntate Tseko. Leo nina kazi." Aliniita Ntate, yaani baba, kwa heshima, na bado hakunisikia.

Alhamisi mchana baridi ikarudi, na mvua iliyochanganyika na theluji. Mbuzi wa aina hii aliyenyolewa juzi ni kama mtoto aliyetolewa kwenye beseni akaachwa mlangoni. Saa mbili za mvua zinamtosha kufa. Na wale mbuzi ndio waliokuwa wakimsomesha Mosa, binti yake wa pekee. Manyoya ya mwaka huu ni ada ya mwaka huu. Mbuzi wakifa, mwakani mtoto hasomi. Mamosa hakuwa na kitu kingine duniani cha kuuza.

Mimi nilikuwa dirishani kwangu, nyumba mpya ya matofali, sakafu nyekundu niliyoipaka nta kwa mikono yangu. Nikamwona akiwasukuma mbuzi kwenye kibanda chake cha mviringo anamolala mpaka mlango ukagoma. Tisa wakaingia. Kumi na wanne wakabaki kwenye zizi la mawe lisilo na paa, wamebanana.

Akavua blanketi lake akamfunika mmoja. Akaingia ndani, akatoka na jingine, na hilo nililijua. Lilikuwa la marehemu mdogo wangu, alilojifunga siku ya harusi yake. Kwetu Wabasotho blanketi ni heshima ya mtu, hatumvishi mnyama. Yeye alimvisha mbuzi, tena akalifunga kwa pini shingoni. Damu ilinichemka.

Kisha akaanza kuomba, kwa sauti, uso wake umeelekea dirishani kwangu.

"Bwana, naogopa mpaka meno yanagongana. Asante kwa nyumba ya Ntate Tseko. Asante kwa sakafu yake pana. Asante kwa kuwa amekubali mbuzi walale humo."

Nilitoka mbio bila kofia.

"Nani amekubali? Unamsingizia Mungu mchana kweupe?"

"Sikuwa naongea na wewe, shemeji," akasema bila kugeuka. "Unadakia maombi ya watu?"

Nikataka kumjibu jibu la kumkata maini. Ila niliiona mikono yake. Imelishika blanketi la mdogo wangu lisipeperuke, mabega wazi yamelowa mvua, na midomo bado inasema asante, asante. Nimewajua wanaume wengi wenye ng'ombe na bunduki, na mimi nimo, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angesimama vile, hana kitu, anashukuru. Nilimwonea fahari mwanamke yule. Iliniudhi, lakini nilimwonea fahari.

"Anza na hao wadogo," nikasema.

Tukawabeba. Walikojoa kila mahali. Yule aliyetetemeka kuliko wote nilimfunika blanketi langu mwenyewe, na mkimwambia mtu nitakana.

Asubuhi jua likatoka kama vile halikufanya kosa lolote. Ishirini na wawili walikuwa hai. Mmoja, jike mzee, alikuwa amekufa kule kibandani. Nilimkuta Mamosa amechuchumaa uani, anamchuna.

"Haya, umeshinda," nikamwambia. "Yaani hukuwa na shaka hata kidogo?"

Akacheka kidogo, kisu mkononi.

"Shaka? Nilikuwa nimeshachagua nani nimkumbatie ili asife peke yake. Nilimwambia Mungu, mimi nimefika mwisho, hapa ni pako."

"Sasa mbona hukuja kunigongea mlango kama watu wengine?"

Akapangusa kisu kwenye majani, akanitazama usoni kwa upole ambao sikuustahili.

"Kwa sababu ungekataa, Ntate."

Nikachuchumaa, nikamshikia mguu wa yule mbuzi amalize kuchuna. Ningekataa kweli.