Vidole Viwili vya Shifu Deng

Kazi yangu ilikuwa kusema uongo kwa lugha mbili, na niliifanya vizuri kiasi kwamba pande zote mbili zilinishukuru.

Bosi wangu, Liévin, Mkongomani wa Lubumbashi, alikuwa na ofisi ya kusafirisha mizigo ghorofa ya tisa pale barabara ya Huanshi Zhonglu. Wateja wake walinunua nguo soko la Shisanhang na viatu soko la Liuhua, nasi tukawatafutia lori la kupeleka mzigo bandarini. Kila safari mteja alilipa yuan elfu mbili. "Hiyo yote ni ya dereva," Liévin aliwaambia, mkono kifuani. "Kwenye gari mimi sili kitu." Dereva naye aliambiwa mteja ametoa mia nane tu, Waafrika wabahili, afanyeje. Katikati ya hesabu hizo mbili kulikuwa na cha juu kinono, na katikati ya mteja na dereva nilikuwapo mimi, Alphonce wa Moshi, niliyekuja China kwa ufadhili kusomea uhandisi nikaishia ukalimani. Amri ya Liévin ilikuwa moja: bei isitajwe dereva na mteja wakiwa pamoja.

Kwa nini sikuacha? Ni rahisi kuuliza. Masomo yalikuwa yameisha, viza yangu ilikuwa kwa jina la kampuni yake, na pasi yangu ya kusafiria ilikaa kwenye droo yake, eti anashughulikia viza. Ulikuwa mwaka 2008, mwaka wa Olimpiki, na polisi walikagua karatasi hadi milangoni mwa migahawa. Bila pasi sikuweza hata kupanda ndege kwenda mji wa pili. Nilikuwa nimekalia kuti kavu, na mwenye panga alinisalimia kila asubuhi kwa Kifaransa.

Dereva tuliyemtumia zaidi alikuwa Deng, mtu wa jimbo la Hunan, mfupi, mwenye kikohozi kisichoisha. Tulimwita Shifu Deng, maana shifu ndilo neno la heshima kwa fundi na dereva. Mwezi wa pili, polisi walipovamia maghala kukagua karatasi, alinisukuma nyuma ya kiti cha lori, akanifunika koti lake, akawaambia hajaona mtu. Hakutaka hata nimshukuru. Nami wiki ileile nilimtafsiria mia nane zake bila kupepesa macho.

Asubuhi moja ya Aprili tulikuwa Liuhua tunapakia marobota ya jinzi na katoni za viatu za Mama Élise, mfanyabiashara mkubwa wa Lubumbashi. Shifu Deng alinisogelea.

"Rafiki, mwombe mama huyu aongeze mia mbili. Dizeli tunaipangia foleni tangu alfajiri. Nisipopata elfu moja kwa safari, mwisho wa mwezi wenye mkopo wanachukua gari. Leo huenda ndiyo safari yangu ya mwisho."

Nikamgeukia Mama Élise. "Anasema viatu vikae chini, jinzi juu."

Mama Élise alikuwa ameuza nguo miaka ishirini, si mtu wa kudanganywa kwa pipi.

"Maneno mingi vile, na ni viatu tu?" alisema. "Mwenzangu wa biashara, Ariane, aliniambia kuna mwizi ku hii mambo ya gari. Weye nyamaza kwanza, ndugu. Leo sitaki mulomo yako. Nitamuuliza miye mwenyewe."

Akatoa noti mkobani, akalionyesha lori, akamnyooshea Shifu Deng kidole kifuani, akasugua vidole vyake kuuliza: wewe unapewa ngapi?

Shifu Deng alinitazama, akamtazama yeye, kisha akainua mkono na kukunjua kidole gumba na cha shahada.

Hapa inabidi nieleze. Mchina huhesabu hadi kumi kwa mkono mmoja, na gumba na shahada kwake ni nane. Lakini Mkongomani aliyefundishwa hesabu kwa Kifaransa huanzia kwenye gumba: gumba ni moja, gumba na shahada ni mbili.

"Deux!" Mama Élise alipiga makofi. "Deux mille! Elfu mbili zote! Kumbe Liévin ni mutu ya kweli! Pardon, ndugu, nilikuwazia mubaya. Na wenzangu wote nitabaleta kwenu, safari kumi na mbili mwezi huu!"

Akamshika Shifu Deng mkono, akautikisa kwa furaha, akamwinulia gumba. Shifu Deng alitabasamu akisubiri. Aliposubiri na kuona hakuna la zaidi, tabasamu likamtoka.

"Kwa hiyo haongezi," aliniambia taratibu. "Nimemwonyesha kwamba napata mia nane, na anaona ni sawa."

Niliona aibu, ile aibu inayochoma masikio. Katika uwanja mzima ni mimi peke yangu niliyejua kwamba ukweli umeshasemwa mchana kweupe na hakuna aliyeusikia. Ningeweza kunyamaza. Safari hiyo hata uongo sikuwa nimesema; walikuwa wamejidanganya wenyewe kwa mikono yao. Lakini Shifu Deng alikuwa ameanza kufunga kamba za mzigo, anakohoa, na nikashindwa.

"Mama Élise, ile si mbili. Kwa Wachina ile ni nane. Anapewa mia nane."

Nilijua nimejimaliza. Kabla ya jioni Liévin angepata habari, na pasi yangu ningeiombea wapi?

Mama Élise akalipuka. Alimtukana Liévin kwa Kifaransa, akamtukana kwa Kiswahili, akamtukana hadi ukoo wake. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze nilipumua hadi tumboni.

Baadaye akatulia. Akatoa kikokotoo, akabonyeza, na uso wake ukaanza kung'aa.

"Kumbe safari ni mia nane," alisema. "Mara kumi na mbili... Yesu! Ndugu, mwambie hivi: kuanzia leo nitamulipa miye mwenyewe, mu mukono. Mia nane. Liévin, hapana tena."

"Mama, mia nane haimtoshi. Anaomba elfu moja. Dizeli..."

"Amebeba kwa mia nane mwaka muzima. Nani alimulazimisha?"

Hakusema kwa ubaya. Ni mfanyabiashara, na bei alikuwa ameipata kwa dereva mwenyewe.

Shifu Deng alikuwa ameacha kamba. Alisikia zile kelele, alisikia jina la Liévin, na macho yake yalijaa matumaini nisiyotaka kuyaona. Nikamtafsiria yote, neno kwa neno, na zile elfu mbili nikamtajia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuifanya kazi yangu kwa haki.

"Elfu mbili," alirudia. "Na sasa atanilipa ngapi?"

"Mia nane."

Alinitazama bila hasira yoyote. "Basi ulimwambia ili iweje?"

Alimalizia fundo la kamba, akapanda, akawasha gari.

"Amesema nini?" Mama Élise aliuliza.

"Amekubali," nikasema.