Jumatatu Mama Hasemi

Jumatatu mama mkwe wangu hasemi. Ni nadhiri aliyoiweka miaka tisa iliyopita, wiki ileile alipofariki baba yake, na aliapa kuitimiza miaka kumi na miwili. Watu wa mji wetu wa Wai wanamsifu. Wakipita mbele ya nyumba wanainamisha vichwa na kusema Indumati ni mtu wa Mungu. Wao hawaishi naye. Mimi ninayeishi naye najua kwamba Jumatatu ndiyo siku anayogomba kuliko zote. Akigonga sakafu mara moja, anataka maji. Mara mbili, chai. Mara tatu, kuna mtu kakosea, na mtu mwenyewe kwa kawaida ni mimi.

Kila siku, Jumatatu au si Jumatatu, anaoga alfajiri, anatandaza kizulia chake cha sufu mbele ya dirisha la mashariki, anakunja miguu na kunyoosha mgongo. Anaziba tundu moja la pua, anavuta pumzi kwa jingine. Kisha anafumba macho nusu saa nzima. Akipata nafasi, anarudia tena kabla ya chakula cha mchana. Kizulia kilikuwa cha baba yake, aliyemfundisha kukaa hivyo tangu akiwa na miaka saba. Hakuna mwingine anayekikalia. Kizulia cha mtu cha kutafakari ni chake peke yake, kama mswaki. Nilipokuja hapa bibi harusi nilikikanyaga kwa bahati mbaya, nikasemwa mpaka nikatamani kurudi kwetu.

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, mlango ulibishwa. Nikafungua, nikamkuta mwanamke mwembamba, nywele nyeupe zote, kashika mfuko wa nguo.

"Wewe ndiye mke wa Hemant," alisema. "Mimi ni Vatsala, mdogo wake mama mkwe wako."

Nilikuwa namjua kwa jina tu. Tangu msiba wa baba yao, hawajasemeshana.

"Mama Mdogo," nilimnong'oneza, "umekuja siku mbaya. Leo hasemi."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja leo. Dada akiwa na ulimi wake, mimi simalizi sentensi."

Nilimpenda papo hapo.

Mama alikuwa juu ya kizulia. Alimtazama mdogo wake mara moja, akageuzia uso dirishani, akagonga sakafu mara tatu.

"Gonga tu," alisema Vatsala. Akakaa sakafuni kwa taabu, maana goti moja lilikuwa halikunjiki. "Basi langu la Satara linaondoka saa sita. Alhamisi napasuliwa moyo. Daktari anasema nitapona, lakini kwani wao husema nini kingine? Sikuja kukutia huruma, dada. Nimekuja kusema."

Akasema. Alimuuguza baba yao miaka mitatu. Hakulaumu mtu; dada yake alikuwa na mume na watoto, yeye alikuwa mjane. Kila asubuhi alimwogesha mzee na kumtandikia kizulia kile.

"Mwaka wa mwisho mgongo wake ulikuwa hausimami tena. Nilikuwa napiga magoti nyuma yake, namshika kwa mikono miwili mpaka amalize. Mikono inakufa ganzi. Wewe ukaja siku ya tatu baada ya kuuchoma mwili wake kwa desturi yetu ya mazishi, ukakikunja kizulia ukaondoka nacho. Ukasema ni chako kwa sababu wewe ndiye mwanafunzi wake. Hukuniuliza hata kwa macho."

Mama akaziba tundu la pua, akaanza kuvuta pumzi. Hiyo ndiyo silaha yake, kwa sababu mtu aliye kwenye pumzi hasumbuliwi. Niliona aibu kwa niaba yake. Nasema kweli, nilimchukia.

"Sikitaki," Vatsala aliendelea. "Nataka kukikalia mara moja tu kabla hawajanipasua. Nilijifunza kupumua kwa kushika mgongo wa baba. Na mimi ni mwanafunzi."

Mama alivuta, akatoa, akavuta. Vatsala akanywa chai yake, akasifu mkate wangu wa mtama, akaniuliza habari za watoto. Ilipofika saa tano na nusu akajiinua kwa kushika ukuta.

"Haya, dada. Nimeutua mzigo. Daktari atakuta moyo mwepesi."

Alikuwa ameshafika mlangoni niliposikia sakafu ikigongwa mara moja. Nikaleta maji. Mama akayasukuma pembeni. Alikuwa ametoka kwenye kizulia, amekaa chini, na kiganja chake kilikuwa kinapigapiga sufu ile polepole.

Vatsala alisimama akitazama. "Goti langu, dada. Sitaweza kukaa wima."

Mama akapiga tena.

Basi Vatsala akakaa, mguu mmoja kaunyoosha, akafumba macho. Haukupita muda mgongo ukaanza kuinama. Hapo mama, mwenye miaka sitini na tisa na magoti mabovu kuliko ya mdogo wake, akapiga magoti nyuma yake, akamshika kwa mikono miwili.

Maziwa yakachemka jikoni yakamwagika, sikwenda. Saa sita ikapita na basi likaondoka. Nilipomchungulia mama, machozi yalikuwa yanamshuka hadi kidevuni, na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Vatsala alilala kwetu. Jumanne alipanda basi la kwanza, kizulia kimo ndani ya mfuko wake. Mama akaoga, akaja akakaa kwenye sakafu tupu.

"Nikutandikie shuka, Mama?"

"Sakafu inatosha. Nipangie nguo, kesho naenda Satara." Akanitazama. "Na maziwa ya jana nani aliyaacha yamwagike?"

"Mimi, Mama."

Nilingoja maneno yake. Akaninyooshea mikono yote miwili.

"Njoo unikande," alisema. "Tangu jana haijaamka."