Baridi ya Mgeta

Mfuniko wa birika ulianza kutetemeka gizani, tititi, tititi, juu ya jiko la mafuta ya taa. Devotha aliusikia kabla hajafumbua macho, akajua mumewe Eustace ameshaamka kuchemsha maji ya kumkanda mtoto. Kando yake Angelina, wa miaka mitatu na nusu, alilala chali, mikono ameiweka juu ya shuka kama vitu vya kuazima. Vidole vilikuwa vimevimba mpaka vinang'aa. Miguu vilevile.

"Mama Anje," Eustace alisema akikamua kitambaa, "leo hatupandi kokote. Leo ni hospitali."

Devotha hakubisha. Kwao Mgeta, juu huko kwenye kabichi na karoti, ugonjwa wa mtoto wa mjini ulikuwa na dawa moja: kupandishwa. Morogoro mjini kuna joto, kuna mbu, kuna moshi wa viwanda. Mtoto akilegea unampeleka kwa bibi yake milimani akapate hewa, aoge maji ya kijito yanayong'ata, arudi na mashavu. Ndivyo alivyolelewa yeye, na ndivyo alivyomfanyia Anje mara tatu tangu mwaka jana. Mara ya mwisho walikuwa wameshuka juzi tu.

Daktari wa watoto aliitwa Shakila, mwanamke mfupi wa miwani aliyemsalimia mtoto kwanza ndipo akawasalimia wazazi. Alimbonyeza Anje tumbo, akamfunua kope, akatazama rangi ya macho kwa muda mrefu kuliko Devotha alivyopenda. Akamtoboa kidole, wakaambiwa wakae nje. Walipoitwa tena, daktari aliinuka akafunga mlango. Kufungwa kwa mlango huo ndiko kulikomkata Devotha maini.

"Mtoto wenu ana selimundu," daktari alisema. "Chembe zake za damu hazikai duara kama za wengine. Zinajikunja kama mundu wa kukatia majani, zinakwama kwenye mishipa, damu haipiti. Ndiyo maumivu hayo. Na si ugonjwa wa kupona. Nawaambia mapema msije mkauziwa dawa sokoni."

Midomo ya daktari iliendelea kucheza, lakini masikio ya Devotha yalijaa mvumo kama wa mto uliofurika.

"Atakufa?" Swali lilitoka lenyewe.

Shakila alivua miwani. "Wako wanaokufa wadogo, sitakudanganya. Hasa wale ambao nyumbani hakuna anayejua wanaumwa nini. Nyinyi sasa mnajua. Nina wagonjwa wa ugonjwa huu waliokuzidi umri wewe. Mmoja ni mwalimu, na nikichelewa kliniki ananigombeza kama mwanafunzi wake." Akavaa miwani tena. "Niambie, maumivu haya humwanza akiwa wapi?"

Devotha alihesabu kwa vidole. Mvua za vuli, Mgeta. Pasaka, Mgeta. Na sasa hivi, mwezi wa saba. Kidole cha tatu hakikumalizika kukunjwa.

"Huko kuna baridi?"

"Asubuhi unatoa moshi mdomoni."

"Na anaoga maji gani?"

"Ya kijito." Sauti ilimfifia. "Daktari, ni mimi niliyekuwa nampeleka. Nilimpeleka apone."

"Na ungejuaje? Wenzako wote wa milimani wangefanya hivyohivyo. Una karatasi? Andika."

Devotha alitoa daftari lake la darasa la jioni la watu wazima, akaandika nyuma ya hesabu za sehemu: Asipigwe na baridi. Aoge maji ya uvuguvugu. Anywe maji mengi, hata kama atakojoa kitandani. Kidonge cha foliki cha kuongeza damu kila siku, na kinga ya malaria. Homa ikipanda, hospitali siku hiyohiyo.

"Na asiwepo wa kumlaumu mwenzake," daktari aliongeza. "Mtoto haupati ugonjwa huu mpaka wote wawili mmempa, baba nusu, mama nusu."

Njia nzima Eustace alimbeba Anje begani. Walipokaribia nyumbani akakohoa. "Tangu Anje azaliwe wajomba zako wananiambia mtoto ni wa ukoo wa mama, mimi mtu wa Bukoba nimepita tu. Leo daktari kanipa nusu yangu."

Devotha alicheka. Kicheko kikageuka kilio katikati ya barabara, na watu wakawa wanawapisha.

Sasa lilibaki moja lililomnyima raha kuliko vidonge na sindano. Mama yake, Veronika, alikuwa ameshasikia mtoto anaumwa, akatuma salamu: Jumamosi nashuka na lori la kabichi, nikirudi narudi na mjukuu. Tangu watu waruhusiwe kujiuzia mazao yao wenyewe, malori yalishuka kutoka Mgeta kila wiki, na kiti cha mbele cha lori moja kilikuwa kama mali ya Veronika. Devotha akinyamaza, Anje atapandishwa kwenye baridi ya mwezi wa saba. Akisema vibaya, mama yake atasikia kwamba nyumba yake inaua watoto.

Siku zilikwenda kwa kukanda na kunywesha. Eustace alileta sweta zito la mtumba lenye picha ya dubu. Alhamisi uvimbe ulinywea. Ijumaa Anje alitembea hadi mlangoni akishika ukuta, akataka na embe, nalo si msimu wake.

Jumamosi alasiri Veronika aliingia, mtandio begani, harufu ya kabichi imemtangulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mjukuu wangu amenyauka hivi? Mfungie nguo zake, Bartholomeo yuko na lori lake kituo cha mafuta, akishajaza anatupitia."

"Mama, kaa kwanza." Devotha alifungua daftari, akasoma kwa sauti kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa. Alipofika kwenye baridi, Veronika alimkatiza.

"Kwa hiyo masomo ya jioni ndiyo haya? Kunikataza mlima wangu? Nimezaa wanane kule, tena kwa maji hayohayo."

"Mama, kila nikimtoa kwako vidole vinavimba."

Veronika aliushusha mtandio begani, akaukunja. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Vinang'aa?"

"Vinang'aa."

"Ukimgusa analia?"

"Hata shuka likimgusa."

Veronika alijishusha kwenye kigoda. "Benedikto," alisema.

Devotha alilijua jina hilo kanisani tu, siku ya kuwaombea marehemu. Kaka yake, aliyezikwa kabla yeye hajazaliwa.

"Nilikuwa namwogesha kijitoni alfajiri," Veronika alisema, macho sakafuni. "Analia, nami namwambia vumilia, mwanangu, hii ndiyo dawa."

Devotha alipiga magoti, akaushika ule mkono mgumu wa jembe. "Hukujua, mama," alisema. "Hata mimi sikujua. Nilimpeleka mara tatu."

Anje alikuja, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akaketi kwenye miguu ya bibi yake. Veronika alijifuta kwa ncha ya kanga.

"Soma tena," alisema. "Polepole. Anza hapo kwenye maji."

Devotha alisoma. Mama yake alirudia kila neno chini chini, kama anayejifunza sala mpya. Kuhusu kukojoa kitandani alitikisa kichwa, akasema wewe mwenyewe ulikojoa mpaka darasa la pili.

"Haya," alisema mwishoni. "Milima ndiyo haikutani. Mimi nina miguu. Nitakuwa nashuka, nakaa wiki, napanda. Huyo mkwe wangu atazoea."

"Atazoea," Devotha alisema, akajikuta anatabasamu.

Nje honi ililia mara mbili. Bartholomeo alikuwa amechomoza kichwa dirishani mwa lori, anauliza kama bibi anataka giza limkute njiani. Kabla mtu hajainuka, Anje alijinyanyua na sweta lake la dubu, akatembea hadi kizingitini bila kushika ukuta.

"Bibi analala kwetu," akasema kwa sauti.