Damu ya Meneja

Walinzi wanasema mbwa wa lindo akizoea nyuso za watu mchana, usiku atawatikisia mkia wezi. Kwa hiyo humfungia kutwa kwenye kibanda cha bati. Binti yangu, kitindamimba wangu, analinda ghala, na mbwa wake wanamwita Meneja kwa kuwa wengine wakifanya kazi yeye hukoroma. Siku hiyo wapita njia walimchokoza mno, basi binti yangu akafunga na kile kidirisha cha kibanda kinachoingiza hewa. Jua likawaka la kupasua mawe.

Alipofungua, Meneja kalala ubavu, ulimi umekuwa zambarau, anahema kama mvukuto wa mhunzi. Akammwagia maji, akampakia kwenye toroli mpaka kwa daktari wa mifugo, nami nyuma nakokota miguu yangu.

Daktari alimpoza kwa maji na feni, akamtundikia dripu. Baadaye mbwa akainua kichwa, mkia ukagonga meza. Binti yangu akacheka huku analia.

"Mama, umeona? Meneja karudi ofisini! Twende nyumbani."

"Haendi popote, dada," daktari akasema. "Joto limeshuka, sawa. Sasa naiogopa damu."

"Damu gani tena? Hana hata mkwaruzo!"

Daktari akamlaza chali. Tumboni palikuwa na vidoadoa vyekundu, ungedhani kaumwa na viroboto. Akatuonyesha alipomchoma sindano: pamba imelowa. Akaweka nyingine, nayo ikalowa.

"Joto limeunguza mishipa kwa ndani. Damu imekimbilia kuziba huku na huku, ikaganda ovyo. Kile kinachoigandisha kimeisha. Sasa panapovuja, hapazibiki."

Shule yangu ni ya msingi, ila hilo nililielewa. Mtu kamaliza udongo wote kwenye nyufa za ukuta, halafu mvua ndiyo inaanza.

Akamtundikia maji ya damu ya mbwa mwingine, yale yenye kugandisha, aliyokuwa kayahifadhi. Tukakaa kwenye benchi. Binti yangu anatafuna kucha, na mimi nikimwona hivyo sina dawa nyingine ila ile ya tangu utoto wake.

"Kitendawili."

"Tega," akajibu, hanitazami.

"Akiwa ndani hatumsifu, akitoka nje tunamlilia."

"Damu." Akafuta pua kwa mkono wa sare. "Basi, mama. Leo basi."

Kuna siku mdomo wa mzazi hukosea mlango.

Jioni fizi za mbwa zikaanza kuvuja, kisha akajichafua, damu tupu. Hakuinua tena kichwa.

"Nikileta mbwa mwingine, utamtoa damu umwongeze Meneja?" binti yangu akauliza.

"Inaingia huku, inatokea kule. Naweza kuendelea, dada, lakini nikisema atapona nitakuwa nakudanganya. Anaumia. Ipo sindano ya kumlaza asiamke tena."

Binti yangu akanigeukia. "Mama, ni kile kidirisha, eh? Ni mimi."

Ningesema hapana, angejua namwongopea. Ningesema ndiyo, ningemmaliza.

"Mshike kichwa, mwanangu," nikamwambia. "Sauti yako anaijua."

Akapiga magoti kwenye sakafu ile yenye maji na damu, akamshika, akawa anamnong'oneza sikioni maneno ambayo sikuyasikia. Daktari alitafuta mshipa, akachelewa kuupata. Kila alipogusa paliacha alama nyeusi. Akaniangalia mimi. Mimi nikamwangalia binti yangu.

"Choma," akasema.